Ubongo wa Kompyuta: Upi Wastahili Fedha Zetu?



Mwezi uliopita alitujia hapa Shelui mzazi mmoja, mkulima wa vitunguu, ambaye mwanawe amemaliza kidato cha nne na sasa amwomba kompyuta. Mzazi huyo alikuwa ameshika karatasi iliyoandikwa kwa mkono wa kijana wake. Palikuwa na majina manne ya kompyuta, na mbele ya kila jina bei yake. Akaketi nasi barazani, akasema: "Maalim, mimi katika karatasi hii nasoma bei tu. Hayo mengine sijui ni dawa au ni majina ya watu. Nikitoa laki sita, nitakuwa nimenunua nini?"

Swali hilo ni la haki, wala si la mzazi huyo peke yake. Kila mwaka baada ya mavuno ya alizeti na vitunguu hatukosi wazee wawili watatu wanaotaka kumnunulia mtoto kompyuta, na wote wanunua kwa macho: ile iliyo nyembamba, au inayong'aa, au yenye kibandiko chenye tarakimu kubwa. Basi tumeona tulijibu hapa, ili lifae nyumba nyingi kwa pamoja.

Lakini kabla ya kujibu, hatuna budi kukiri deni letu wenyewe katika jambo hili. Mwaka 2023 madrasa yetu ilichanga fedha ikanunua kompyuta moja iliyokwisha kutumika. Sisi ndio tuliosimama mbele ya wazazi baada ya sala ya Ijumaa tukawahimiza watoe, na sisi ndio tuliomtuma kijana mmoja aliyekuwa akisafiri mjini ailete. Ilipofika tukaiona ina kibandiko cha i7, na muuzaji alikuwa amemwambia kijana kwamba i7 ndiyo ya juu kabisa, hapana iliyo juu yake. Tulilipa shilingi 650,000. Kompyuta hiyo ikiwashwa, mtu aliweza kwenda kutawadha, akasali rakaa mbili za sunna, akarudi akaikuta bado yazungusha kile kiduara chake. Tukadhani ni vumbi la barabara kuu. Tukadhani ni umeme mdogo. Hata siku moja mwalimu wa sekondari aliyepita kututembelea akaifungua, akasoma maandishi ya ndani, akatuambia: "Maalim, hii ni kweli i7, lakini ni ya kizazi cha pili. Ni kitu cha mwaka 2011."

Kibandiko hakikusema uongo hata kidogo. Ilikuwa i7 kama kilivyosema. Lililofichwa ni umri. Duka hatulitaji, kwani hatuna hakika kama muuzaji alijua au naye aliuziwa vivyo hivyo. Tunalolijua ni kwamba mama mmoja, ambaye mchango wake ulitoka katika kuku wake watatu, alituuliza mbele za watu, "Maalim, ile kompyuta yetu yafanya nini siku hizi?" nasi tukababaika. Tangu siku hiyo tulikaa tukajifunza, kwa vijana na kwa mafundi, mpaka tukaweza kusoma yale majina. Haya tuyaandikayo ndiyo tuliyoyapata.

Ndani ya kila kompyuta mna kipande kidogo, chembamba, ambacho ndicho kifanyacho hesabu zote. Chaitwa prosesa. Wengine hukiita ubongo wa kompyuta, na jina hilo latosha. Cha kwanza cha namna hii kuuzwa kwa watu wote kilitoka mwaka 1971, kikaitwa Intel 4004, nacho kilikuwa na swichi ndogondogo 2,300 hivi. Za leo zina mabilioni. Kwa kompyuta wanazonunua watu wetu, waundaji wa prosesa ni wawili, wote wa Marekani: Intel na AMD. Kampuni inayoandika jina lake juu ya mfuniko wa kompyuta ni nyingine, na mara nyingi watu hubishana juu ya jina la mfunikoni wakaliacha la ndani.

Sasa tazameni jina kamili la prosesa moja: Intel Core i5-8250U. Kibandiko cha nje huandika i5 tu. Wauzaji nao husema i5 tu. Lakini yaliyo baada ya kile kistari ndiyo yenye habari. Tarakimu ya kwanza, yaani 8, ni kizazi: hii ni ya kizazi cha nane. Herufi ya mwisho, U, ni alama ya prosesa ya kompyuta mpakato, isiyokula umeme mwingi. Ukiona H au HQ mahali hapo, hiyo ina nguvu zaidi, na joto zaidi, na betri huisha upesi. Ukiona T, hiyo ni ya kompyuta ya mezani iliyopunguzwa ulaji wake. Ukiona Y, tahadhari, kwani hiyo ilipunguzwa nguvu sana ili kompyuta iwe nyembamba.

Hapa pana mtego mdogo wa kusoma. Vizazi vilipofika kumi na kuendelea, tarakimu za kizazi ziliongezeka zikawa mbili. i5-10210U ni ya kizazi cha kumi. Na i5-1135G7 ni ya kumi na moja, si ya kwanza, ijapokuwa mtu asiyezoea angedhani ni ya kwanza kwa kuwa tarakimu ni nne. Kanuni nyepesi ni hii: ikiwa tarakimu zaanza na 1, soma mbili za mwanzo pamoja. Zile za kizazi cha kwanza kabisa zilikuwa na tarakimu tatu tu, nazo hazistahili fedha ya mtu siku hizi, hata zikiuzwa kwa bei ya mbuzi.

Kwa hiyo i3, i5 na i7 ni daraja ndani ya kizazi kimoja, kama vile darasa la tano, la sita na la saba katika shule moja mwaka mmoja. Ukichukua mwanafunzi wa darasa la saba wa zamani ukamlinganisha na wa darasa la tano wa leo kwa jina la darasa tu, hujalinganisha kitu.

Tulitaka kuhakikisha jambo hili, wala tusiseme kwa kusikia. Katika ile karatasi ya kijana majina mawili yalitufaa sana kwa mfano. La kwanza ni i7-7500U, la mwaka 2016, bei yake aliyoambiwa ilikuwa shilingi 620,000. La pili ni i5-8250U, la mwaka 2017, bei 560,000. Mwaka mmoja tu baina yao, na yenye tarakimu kubwa ndiyo ghali. Mtu yeyote angesema bei imefuata ubora. Sivyo. Ile i7 ina viini viwili. Hii i5 ina viini vinne.

Viini ni nini? Chukulieni shamba la vitunguu siku ya kuvuna. Kiini ni mtu mmoja mwenye jembe. Prosesa yenye viini viwili ni shamba lenye wavunaji wawili, na yenye vinne ni shamba lenye wavunaji wanne. Kasi ile inayotajwa kwa gigahezi ni idadi ya mapigo ya jembe kwa kila mtu. Na kizazi ni ubora wa jembe lenyewe. Kazi ikiwa ndogo, tuseme kuandika barua moja, hata mtu mmoja hutosha, na wale wengine hukaa kivulini. Lakini kijana akifungua kurasa kumi za mtandao, na huku anasikiliza darasa la video, na huku anaandika, hapo wanne huwashinda wawili kwa mbali, hata wale wawili wakiwa hodari.

Na hapo ndipo gigahezi nazo hupotosha watu. Ile i7 ya viini viwili imeandikwa 2.7, na hii i5 ya viini vinne imeandikwa 1.6. Mnunuzi huona 2.7 akadhani ndiyo kubwa. Hizo ni kasi za kawaida za kuanzia. Ikipewa kazi nzito, ile ya kwanza hupanda hadi 3.5 na hii ya pili hadi 3.4, yaani karibu sawasawa, na hii ya pili ina watu mara mbili. Katika vizazi vilivyotangulia cha nane, prosesa za Intel zenye U zilikuwa na viini viwili tu, ziwe i3, i5 au i7. Kizazi cha nane ndicho kilicholeta vinne katika i5 na i7 za aina hiyo. Tangu tulipolijua jambo hili, tumekuwa tukilirudia kwa kila anayetuuliza, mpaka vijana wa hapa wametuita Maalim Kizazi cha Nane, nasi hatukukasirika.

Iko sababu nyingine ya kukipa kizazi cha nane heshima yake, na yenyewe huenda ikawa kubwa zaidi kwa mwenye fedha chache. Programu kuu ya kuendesha kompyuta nyingi za huku ni Windows. Windows 10, ambayo watu wengi waliizoea, ilifikia mwisho wa kuhudumiwa na wenyewe tarehe 14 Oktoba 2025. Haikuzimika, hufanya kazi kama jana. Ila marekebisho ya kuziba mianya ya wezi na virusi hayaletwi tena bure kama zamani, isipokuwa kwa aliyejiandikisha katika mpango wa kuongezewa muda. Windows 11 iliyoifuata haikubali rasmi kila kompyuta. Kwa upande wa Intel, yataka kizazi cha nane na kuendelea, isipokuwa prosesa chache sana za kizazi cha saba. Ile i7-7500U haimo.

Si ajabu basi kwamba kompyuta za kizazi cha sita na cha saba zinauzwa kwa wingi. Maofisi ya nchi zilizoendelea yamekuwa yakizitoa ili yanunue nyingine, na njia ya vitu vya mtumba twaijua wote. Hatusemi ni haramu kuzinunua. Twasema ajuaye hilo apunguziwe bei, na asiyejua asiuziwe kana kwamba ni mpya. Aliyekwisha kuwa nayo asiitupe: ziko programu za bure, kama Ubuntu na Linux Mint, ambazo huendesha kompyuta za umri huo vizuri, na LibreOffice huandika barua na kupanga hesabu bila ya kulipiwa. Ile kompyuta yetu ya mwaka 2011 tuliiwekea Linux Mint, na kijana akaibadilishia diski; sasa yaandika majina ya wanafunzi na mitihani ya Fiqhi bila ya kunung'unika. Hatuiachi mtandaoni sana. Mama wa kuku watatu tulimwonyesha jina la mwanawe limeandikwa humo, akacheka.

Katika karatasi ya yule kijana mlikuwamo pia kompyuta mpya, ya dukani, yenye karatasi yake ya plastiki, kwa shilingi 600,000. Mzee aliipenda hiyo kuliko zote. "Mpya haina maradhi ya mtu mwingine," alisema. Tukasoma jina la ndani: Celeron N4020. Hii ina viini viwili, tena vidogo, vilivyoundwa ili vile umeme kidogo sana. Na kompyuta za namna hiyo mara nyingi huja na kumbukumbu ya gigabaiti 4 iliyogandishwa ndani, isiyoweza kuongezwa, na nafasi ya gigabaiti 64 ya kuhifadhia vitu. Windows yenyewe ikishakaa humo, nafasi inayobaki si kubwa. Ni mpya, kweli, na yakubali Windows 11. Betri yake ni nzima, na hilo si jambo dogo. Lakini i5-8250U iliyotumika huiacha mbali katika kazi. Mpya iliyo dhaifu si bora kwa kuwa mpya. Anayetaka mpya kwa bei ndogo, na aulizie Intel N100, iliyotoka mwaka 2023: hiyo ina viini vinne, hula umeme mdogo vile vile, na kwa kazi za shule inatosha.

Juu ya AMD tutasema kwa ufupi, kwa kuwa huku kwetu si nyingi. Prosesa zake za Ryzen ni nzuri na mara nyingi huuzwa nafuu kuliko za Intel zilizo sawa nazo. Lakini majina yake yataka jicho la makini zaidi. Ryzen 5 3500U imo katika orodha ya Windows 11. Ryzen 5 2500U haimo. Na katika zile za elfu saba, Ryzen 5 7520U ya mwaka 2022 yatumia muundo wa zamani uitwao Zen 2, na 7540U yatumia Zen 4. Tarakimu ya tatu ndiyo itoayo siri: 2 katika ile, 4 katika hii. Aliyeweka utaratibu huo wa majina, Mwenyezi Mungu amsamehe, hakuwafikiria watu wa Shelui.

Mtu atauliza, je, prosesa ndiyo kila kitu? La. Tena tutasema jambo litakalowashangaza baadhi ya vijana: kwa kazi za kila siku, kinachofanya kompyuta ionekane nzito mara nyingi si prosesa, bali ni diski ya zamani inayozunguka. Ukiiondoa ukaweka diski ya SSD, isiyozunguka, kompyuta ile ile huwa kama imezaliwa upya. Na kumbukumbu ya RAM ya gigabaiti 4 ni kama kijimeza kidogo, daftari moja huwekwa na jingine huanguka. Gigabaiti 8 ndizo zitoshazo. Lakini fahamuni tofauti hii. Katika kompyuta nyingi za mtumba diski na RAM hufunguliwa kwa bisibisi zikabadilishwa, leo au baada ya mavuno yajayo. Prosesa ya kompyuta mpakato yenye herufi U imeunganishwa kwa risasi juu ya bao lake, haibadilishwi. Utakayoinunua ndiyo utakayozikwa nayo. Kwa hiyo mwenye fedha chache na aziweke kwanza katika prosesa, diski na RAM zitafuata polepole.

Na umeme nao ni bei, ijapokuwa haukuandikwa katika karatasi. Kitu cha wati 100 kikiwaka saa kumi hula yuniti moja ya LUKU. Kompyuta ya mezani pamoja na kioo chake yaweza kufika hapo au karibu yake ikiwa kazini. Mpakato yenye prosesa ya wati 15 hula sehemu ndogo tu ya hiyo. Kompyuta ya mezani ina fadhila zake: kwa bei moja utapata prosesa yenye nguvu zaidi, kama i5-8500 yenye viini sita. Kwa ofisi ya mjini twaisifu. Kwa sisi tunaokaa chini ya mlima wa Sekenke, ambapo umeme hukatika mtoto akiwa katikati ya sentensi, betri ni rehema, na tumechagua mpakato. Mwenye jua na sola nyumbani atakubaliana nasi upesi.

Hatupendi wasomaji wadhani kwamba kununua kompyuta bila ya kujua kinachonunuliwa ni kosa la wanakijiji. Serikali yetu iliweka kompyuta yake ya kwanza katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Baadaye ulifanywa mpango wa kuzitia hesabu za serikali katika mashine, mpango ukaharibika, fedha nyingi zikapotea, na mwaka 1974 kuingiza kompyuta nchini kukapigwa marufuku. Miaka mingi ikapita kabla ya mlango huo kufunguliwa tena. Tulikuwa watoto tulipokuwa tukisikia kompyuta ikitajwa kama kitu cha hasara. Leo mtoto aombaye nafasi ya chuo, au mkopo wa masomo, au kazi serikalini, hutumwa mtandaoni, atake asitake. Kwa hiyo kususia si njia tena.

Tuingie katika jambo la madrasa yetu, ambalo ndilo lililotufanya tuandike kwa moyo huu. Mwaka huu wazazi walichanga tena. Kwa kweli hatukutarajia watoe baada ya lile la kwanza, lakini walitoa, na zikapatikana shilingi 1,200,000. Kamati ikakaa. Mjumbe mmoja, mtu mwema na mwenye duka, alikuwa na rai ya kununua kompyuta moja kubwa: i7 ya kizazi cha kumi na moja, kwa shilingi 1,150,000. Hoja yake ilikuwa kwamba kitu kizuri hununuliwa mara moja. Rai yetu ilikuwa kununua mbili za i5 za kizazi cha nane, kwa 560,000 kila moja, na 80,000 zitakazobaki ziongeze RAM.

Tulibishana kwa adabu mpaka Magharibi. Hatukuweza kukana kwamba ile moja ni bora kuliko moja ya hizi mbili. Kuikana kungekuwa uongo. Lakini tuliuliza: watoto wetu watafanya nini nayo? Wataandika. Watajifunza jedwali za hesabu. Watasikiliza qiraa na kutazama masomo ya video. Hapana hata mmoja atakayetengeneza sinema. Nguvu inayozidi kazi haimrudishii mtoa sadaka kitu. Tena tulikumbusha jinsi ilivyokuwa na ile moja ya zamani: wavulana waliizunguka, na mabinti walisimama nyuma wakitazama migongo yao, saa ikaisha. Mbili zina maana kwamba mabinti watakuwa na yao, kwa wakati wao, na mwalimu wao wa kike. Na mbili zikiwa zile zile, moja ikifa, vipande vyake huponya ya pili.

Mjumbe yule alinyamaza kidogo, akasema, "Maalim, safari ile ulituambia i7." Hatukuwa na la kumjibu ila kukiri. Tukamwomba yeye mwenyewe awe ndiye wakala wa kwenda kununua, sisi tumwandikie cha kutazama. Akakubali, na kamati ikapitisha mbili.

Tulimwandikia hivi, na kila mnunuzi aweza kufanya vivyo hivyo. Asitazame kibandiko. Kompyuta iwashwe mbele yake, abonyeze vitufe vya Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, kisha afungue ukurasa wa utendaji, "Performance". Hapo juu huonekana jina kamili la prosesa, na chini yake idadi ya viini katika mstari ulioandikwa "Cores". Asichukue ule mstari wa pili wa "Logical processors", kwani huo huhesabu mikono badala ya watu, na kwa mashine ya viini viwili huweza kusoma vinne; wauzaji wengine hupenda kuutaja huo. Ukurasa huo huo huonyesha RAM, na kama diski ni SSD. Kisha achomoe waya wa umeme, aendelee kuitumia nusu saa kwa betri tu. Na ayaandike yote katika risiti: jina kamili, viini, RAM, diski. Risiti iandikayo "kompyuta i5 moja" ni kama cheti cha ndoa kisicho na jina la bibi arusi.

Jambo la risiti lina uzito katika sheria yetu. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alipita sokoni kwenye rundo la nafaka, akatia mkono ndani akakuta umajimaji uliofunikwa na kavu ya juu, akamkemea mwenye mali kwa kutouweka wazi mahali watu wauone. Kibandiko juu ya prosesa iliyozeeka ni ile nafaka kavu ya juu. Na aliyenunua kitu kisha akaiona aibu iliyokuwapo tangu kwa muuzaji, naye hakuijua, ana khiyari ya kukirudisha. Lakini wanavyuoni wetu wa madhehebu ya Shafi husema arudishe kwa haraka mara tu aionapo, wala asiendelee kukitumia. Sisi ile ya 2023 tuliitumia miezi mingi huku tukilaumu vumbi. Haki yetu tuliipoteza wenyewe.

Vijana wetu mnaouza vitu hivi, hasa mlioanza biashara ya kuagiza na kuvileta kwa mabasi, andikeni kizazi katika matangazo yenu. Mkiandika "i5, kizazi cha sita, haipokei Windows 11, bei 320,000", mnunuzi atakuja, maana yuko anayetaka hiyo hiyo kwa kuandika tu, na bei hiyo kwake ni halali na nzuri.

Yule mzee wa vitunguu alimnunulia mwanawe i5 ya kizazi cha nane, na laki sita zake zikabaki na chenji ya kununulia mkoba. Za madrasa zimefika kwa basi Jumanne usiku. Moja ilikuwa kama ilivyoandikwa. Ya pili betri yake haikufika dakika kumi. Mjumbe alikuwa ameijaribu kwa haraka kwa kuchelea gari. Tuliipiga picha usiku ule ule, tukampelekea muuzaji asubuhi pamoja na risiti, naye amekubali kuleta betri nyingine kwa basi la Ijumaa. Mpaka itakapofika, ile hufanya kazi ikiwa ndani ya waya. Darasa la mabinti limepangwa kuanza Jumamosi baada ya Alasiri.

Waliotuuliza juu ya prosesa za simu, swali lao lataka ukurasa wake, na watuvumilie mpaka toleo lijalo, inshallah.